Kabla Mguu Haujagusa Sakafu

Saa kumi na moja alfajiri nakabidhi rungu na tochi
pale kituo cha mafuta, Nyakato,
nateremka kwenda Mabatini.
Siku hizi sisimami kwa kahawa.
Kuna mtu yu macho, ananingoja,
na hawezi kushuka kitandani.

Si kwamba hawezi. Amekatazwa.
Mguu ukishagusa sakafu, alisema daktari wa Bugando,
uvimbe umekuwahi.
Akachora mshipa nyuma ya cheti cha dawa:
ndani mna vimilango, vimelegea,
damu ikipanda inarudi ilikotoka.
Limi hakuelewa. Mimi nilielewa.
Mimi ni mtu wa mageti.

Miaka kumi na tisa kiwandani Igogo,
amesimama juu ya saruji yenye maji na barafu,
kisu mkononi, sangara baada ya sangara.
Minofu ikaenda ng'ambo, mapanki yakaja kwetu,
na miguu yake ikaota mizizi ya bluu.

Dukani, Elpidia alimpima kwa tepu ya fundi cherehani:
kifundo, shavu la mguu, chini ya goti.
"Mmefanya vizuri kuja asubuhi. Jioni mguu unadanganya."
Nikauliza bei. Nikauliza tena.
Bei ya beberu, tena si beberu mdogo,
kwa soksi zisizofunika hata vidole.
Shemeji Lugembe alikuwa ameshanishauri:
nenda Mlango Mmoja, mtumbani, zipo zinazobana.
"Zinakaba," Elpidia akasema. "Hizi zinabana kifundoni,
zikipanda zinalegeza kidogo kidogo.
Damu inaonyeshwa njia."

Boksi liliandikwa: rangi ya mwili.
Limi akalaza mkono wake kando ya ile soksi,
nyeupe-nyeupe kama chapati mbichi.
"Mwili wa nani?"
Tukachukua nyeusi.

Sikupiga goti siku ya posa.
Kwetu wanahesabu ng'ombe,
na baba yangu alihesabu kumi na wawili, mmoja chongo.
Leo nina miaka sitini na miwili, napiga goti kila alfajiri.
Kucha nimekata. Mafuta amejipaka jana usiku.
Nageuza soksi nje-ndani mpaka kisiginoni,
kisigino kikae kwenye kisigino,
halafu tunapanda, taratibu, bila kuivuta kwa ukingo.
Siku za mwanzo nilitoka jasho
kama mtu anayemvisha ndama viatu.
Akanitupia glovu zake za mpira, za kazini:
"Kama zinashika sangara, hiyo itaziponyokaje?"
Haikuponyoka.
Ila kunjo moja ukilisahau nyuma ya mguu,
adhuhuri limeshakuwa kamba.

Jioni anazifua mwenyewe, maji vuguvugu, sabuni kiduchu.
Hazikamuliwi. Zinaviringishwa kwenye taulo kama mtoto.
Jina lake, kwa Kisukuma, ni jua,
na soksi zake hazitaki jua.
Jirani anaanika dagaa peupe, juu ya jabali,
sisi tunaanika kivulini, nyuma ya nyumba, kama siri.

Juzi mvua ilikesha.
Mirongo ukapanda mpaka barabarani,
nikakwama ng'ambo hadi saa mbili,
nikijua ameshashuka, ameshakoroga uji,
ameshaondoka na miguu mitupu kwenda kusimama.
Nikafungua mlango, nimelowa chapachapa.

Alikuwa chali, visigino juu ukutani,
redio tumboni,
simu ya msimamizi inaita, haipokei.
"Mimi nimechelewa zamu," akasema akitazama dari,
"lakini na wewe umechelewa kazini."

Nikavua buti. Mikono ilikuwa barafu.
Nikaipasha kwapani kwanza,
kisha nikapiga goti.